Starehe za Edo katika picha za vibao vya mbao

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika picha za kale za Japani zilizochapwa kwa vibao vya mbao, karibu kila mtu yuko kwenye maigizo, mashuani au chini ya miti iliyochanua. Je, ndivyo watu walivyoishi, au waliochorwa ni matajiri tu? Msomaji wako.

JIBU: Starehe unazoziona zilikuwapo kweli, na hazikuwa za matajiri peke yao. Nyingi ya picha hizo, ziitwazo ukiyo-e, zilitoka Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Kwa kuwa seti moja ya vibao ilitoa mamia ya nakala, bei ilikuwa nafuu, na hata mafundi na wachuuzi waliweza kuzinunua.

Itazame kazi ya mchoraji Hiroshige ya mwaka 1858 kuhusu fataki za daraja la Ryogoku. Cheche zinamwagika katika anga jeusi, daraja limefurika watu wadogo wasiotambulika sura, na chini yao, katika mto Sumida, mashua za starehe zimetapakaa. Aliyekosa nauli ya mashua alisimama darajani akazitazama fataki zilezile. Harunobu naye, ambaye kuanzia mwaka 1765 alikuwa mstari wa mbele katika uchapaji wa rangi nyingi, alimchora mara kwa mara Osen, msichana aliyeandalia wateja chai karibu na hekalu la Kasamori, hata jina lake likavuma mji mzima.

Hata hivyo, ninakusihi usisahau kwamba picha hizi zilikuwa bidhaa. Mchoraji, mchongaji na mchapaji walifanya kazi kwa fedha za mchapishaji, naye alichagua kile alichoamini kwamba kitanunuliwa. Mapenzi ya wanunuzi kwa waigizaji yalikuwa makubwa kiasi kwamba serikali ilipopiga marufuku picha zao mwaka 1842, Kuniyoshi aliwachora kwa sura za paka, na watu wakawatambua.

Pale ambapo picha hazisemi kweli ni Yoshiwara, mtaa wa madanguro uliokuwa na kibali cha serikali. Utamaro aliwachora wanawake wake kwa ustadi ninaouheshimu sana, kila unywele wa paji la uso ukiwa umechongwa peke yake. Lakini wengi wao waliuzwa huko na familia maskini wakiwa bado watoto, wakafungwa na madeni, na hawakuruhusiwa kutoka wapendavyo. Starehe iliyochorwa pale ilikuwa ya mteja.