Mtoto hasikii, au darasa ndilo linalomeza maneno?

Mkuu, umeuliza kama umpeleke kijana wako akapimwe masikio, kwa kuwa tangu aingie kidato cha kwanza mwalimu analalamika kwamba hasikilizi, na mwenyewe anasema sauti anaisikia ila maneno hayashiki. Mpeleke, hasa kama alipokuwa mdogo aliwahi kutokwa usaha masikioni. Lakini hiyo kauli yake mimi, mwalimu wa fizikia, naichukulia kwa uzito. Kabla ya yote nenda ukakae viti vya nyuma ndani ya hilo darasa wakati kipindi kinaendelea.

Madarasa yetu mengi unayajua: chini saruji, kuta plasta na rangi ya mafuta, juu bati bila dari. Hakuna kitu laini hata kimoja. Piga kofi likiwa tupu usikilize mlio unavyozunguka kabla ya kufa. Sasa mwalimu akiongea, silabi ya kwanza bado inavuma na ya pili imeshaipanda mgongoni. Irabu zina nguvu, ndizo zinazovuma. S, f, t, k ni fupi na dhaifu, zinafunikwa. Bahati mbaya hizo dhaifu ndizo zinazotofautisha neno na neno.

Kuna jaribio dogo nawafanyiaga wanafunzi. Naziba mdomo kwa daftari wasinisome midomo, nasoma kwa kuchanganya: pata, paka, pasa, papa, kapa. Wao wanaandika. Wa mbele wanapata karibu yote. Wa kona ya nyuma, pata inageuka paka na pasa inageuka pata, na kila mmoja ana hakika na alichoandika! Watoto walewale ukiwatoa nje mkakaa karibu karibu chini ya mti, makosa yanapungua mno, maana pale hakuna ukuta wa kurudisha sauti.

Na hayo ni maneno ya Kiswahili, lugha ambayo kichwa kinajaza chenyewe pengo. Mwanao ametoka shule ya msingi akisoma kwa Kiswahili, leo biolojia, jiografia na hisabati zote ni Kiingereza. "Thirteen" na "thirty" zikifika zimefutika mwisho, atajazia nini? Hili limechunguzwa sana: kelele na mwangwi humwumiza zaidi anayesikiliza kwa lugha asiyoizoea, na mtoto huumia kuliko mtu mzima. Ndiyo maana mkaguzi anaweza kukaa nyuma, akasikia vizuri tu, akaandika kwamba hakuna tatizo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa mwalimu wa fizikia, Wallace Sabine, kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao watu hawakuelewa kinachosemwa ndani yake. Akawa anabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine usiku, anapima sauti inachukua muda gani kufa, asubuhi anairudisha. Kanuni aliyoipata, ya kukadiria muda huo kwa ukubwa wa chumba na vitu vinavyonyonya sauti, tunaitumia hadi leo. Nikiitumia kwa darasa la mita 7 kwa 9, kimo mita 3, kila upande mgumu, napata kwamba sauti inachukua zaidi ya sekunde 4 kufa likiwa tupu. Waingie wanafunzi 45, madirisha yawe wazi, inashuka kama sekunde 1, kwa sababu miili na nguo zinanyonya sauti, na dirisha lililo wazi halirudishi kitu. Kiwango cha Marekani kwa darasa la kawaida ni isizidi sekunde 0.6, tena likiwa tupu. Na dirisha hilohilo ndilo linaloleta bodaboda ndani. Mvua ikipiga bati, usiniulize. Hapo ni ubao na chaki tu.

Mwalimu kupaza sauti hakusaidii sana, maana mwangwi nao unapanda. Bora aongee taratibu, akate sentensi, azunguke darasani: kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inayokuja moja kwa moja kutoka kinywani hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti).

Kwa hiyo omba kijana akae mbele. Kwenye kikao cha wazazi msidai kipaza sauti, kwa darasa linalovuma hicho ni kumwagia moto petroli. Daini dari, na kama ukuta wa kati haujafika kwenye bati, uzibwe kwanza, la sivyo mtaendelea kusikia hisabati ya jirani. Vipande vya kandambili chini ya miguu ya viti vinaua ile kelele ya kukwaruza, na gharama yake ni misumari. Majamvi yaliyotundikwa yakiacha nafasi kidogo na ukuta yanasaidia kiasi.

Trei za mayai ambazo watu hushauriana kuzibandika ukutani, achaneni nazo. Hazinyonyi cha maana, na zinashika moto haraka.