Tangawizi anang'ata nyaya usiku kucha

SWALI: Daktari, shikamoo. Wiki tatu zilizopita tulichukua hamsta dume, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya, kwenye kituo cha wanyama hapa Leicester, Uingereza. Watoto wamemwita Tangawizi kwa ile rangi yake. Mchana analala fofofo, lakini ikifika saa nne usiku anaanza kung'ata nyaya za kizimba chake, kona ya kushoto, zilezile kila siku. Akichoka anakimbia upande wa mbele wa kizimba, kwenda na kurudi, akigeukia palepale. Manyoya ya puani yameanza kunyonyoka. Mume wangu anasema ana kichaa. Tumrudishe?
Mama wa wawili, Leicester

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nakuomba usimrudishe, na umwambie baba watoto kwamba huyo si kichaa.

Kukesha ni maumbile yake. Asili ya hamsta hawa ni mashamba ya Syria, upande wa Aleppo, ambako kila mmoja huchimba shimo lake na kuishi humo peke yake. Hutoka, akajaza chakula mashavuni, akarudi nacho chini. Hukunitajia kina cha maranda mliyomtandikia, ila vizimba vingi nilivyoona vina vidole viwili tu. Mnyama anachimba, kucha zinagonga plastiki, basi anahamia kwenye nyaya. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi walilinganisha hamsta waliowekewa maranda ya sentimita 10, 40 na 80. Waliotafuna nyaya zaidi ni wale wa sentimita 10.

Niliwahi kumlea mmoja mwenye tabia hiyohiyo. Nilimhamishia kwenye boksi kubwa la plastiki la kuhifadhia nguo, nikakata dirisha kwenye mfuniko na kuliziba kwa wavu, kisha nikajaza maranda ya karatasi yaliyochanganywa na nyasi kavu ili mashimo yasiporomoke. Usiku ule alizama. Nilichokiona ni maranda yakipanda na kushuka tu, kama kuna mtu anapumua chini ya shuka.

Fanyeni hivyo. Boksi liwe kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Gurudumu liwe la sentimita 28 hivi, lisilo na mianya ya kunasa miguu. Likiwa dogo linampinda mgongo. Chakula msimwekee chote kwenye bakuli, mtawanyieni akitafute. Pamba ya kulalia msimpe kabisa: inamfunga miguu, na akiimeza inamziba tumbo. Tena watoto wasigonge kizimba kumnyamazisha, maana hofu inaizidisha tabia hiyo.

Msitegemee aache kwa siku moja. Pengine alikuja na tabia hiyo kutoka alikolelewa mwanzo, na iliyokwisha kuzoeleka hutoka polepole.

Ila mkimwona anazunguka mahali pamoja huku kichwa kimeinama upande mmoja, hilo ni jambo jingine. Huenda ni sikio, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Hata sasa meno yake yakaguliwe, kwani kung'ata chuma huyavunja au kuyapinda. Andika saa anayoanza na saa anayoacha kila usiku, uende na karatasi hiyo.