Majitaka ya kiwanda mtoni: chupa ya soda haitawasaidia kortini

Ndugu, umeuliza mfanye nini: kijito chenu hubadilika rangi usiku, afisa akija mchana anakuta maji meupe, watoto wana vipele, sampuli mliyopeleka kwenye chupa ya soda imekataliwa, na wazee wanasema mwende kortini. Najibu kwa sheria za Kenya, maana ndiko uliko.

Tuanze na chupa, kwa sababu kesi nyingi hufia hapo. Mabaki ya sukari peke yake yanatosha kupandisha BOD (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu ulio majini), na wakili wa kiwanda hatatafuta hoja nyingine. Nendeni maabara yenye ithibati ya KENAS, shirika linaloidhinisha maabara Kenya, wawape chupa zao. Msiseme "pimeni kila kitu", mtalipa pesa nyingi mpimiwe chumvi. Kiwanda cha ngozi, tajeni kromiamu. Cha betri au kuyeyusha vyuma chakavu, madini ya risasi. Cha nguo, rangi, COD (oksijeni inayohitajika kuuchoma uchafu kwa kemikali) na pH, yaani ukali wa asidi au magadi. Cha sukari au pombe, BOD.

Choteni sehemu tatu ndani ya saa moja: kabla ya bomba la kiwanda, mdomoni pa bomba, na mbele yake pale maji yalipokwisha kuchanganyika. Mkikosa ile ya kwanza wataambia korti uchafu umetoka kwa jirani wa juu, na huenda wakawa wanasema kweli. Mchotaji asimame akitazama maji yanakotoka ili asivuruge tope. Chupa ya kupimia metali huja na asidi ya nitriki kidogo ndani. Msiisuuze wala kuimwaga. Asidi ikitoka, metali hunata kwenye kuta za chupa na majibu yanakuja chini kuliko ukweli. Chupa ya kupimia BOD haina asidi: ijazeni mpaka juu pasibaki kiputo cha hewa, ikae gizani kwenye barafu, ifike maabara siku hiyohiyo. Kila chupa iwe na mahali, tarehe, saa na jina la mchotaji. Halafu fomu ya makabidhiano, isainiwe na kila aliyeishika chupa hadi maabara. Fomu hiyo ndiyo husahaulika, na bila hiyo majibu mazuri kabisa yanageuka karatasi tu.

Wanamwaga usiku? Choteni tope pia. Maji yanapita, lakini metali nzito hutuama chini, na tope la juu, sentimita tano hivi, huwa limehifadhi ya wiki na miezi. Hapa pia mchote kabla na baada ya bomba mlinganishe.

Msiruke ua wa kiwanda hata kama mnaona bomba kwa macho. Picha zibaki kwenye simu iliyozipiga. Zikipitia WhatsApp hupoteza taarifa za saa na mahali, na ushahidi wa kielektroniki unahitaji cheti cha kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi, yaani maelezo yenye sahihi ya jinsi ulivyopatikana.

Kuhusu afya: vipele peke yake havithibitishi kitu. Kama mnashuku risasi, watoto wadogo ndio watangulie, na wapimwe damu ya mshipa. Damu ya kidole huchafuliwa na vumbi la ngozini. WHO inataka chanzo kitafutwe kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita. Msingoje kesi ianze, maana mtoto akiondolewa kwenye chanzo, risasi iliyo damuni hushuka karibu nusu kwa mwezi mmoja, nyingine imehamia mifupani, na kipimo cha baadaye kitamwonyesha kama mzima. Kuchemsha maji hakuondoi metali, kunazizidisha kwa kuwa maji hupungua nazo hubaki. Dawa ya klorini pia haisaidii hapo. Na kama mko Bonde la Ufa, meno ya kahawia kwa kawaida ni floridi ya miamba. Msiibebeshe kiwanda, mtavuruga kesi yenu wenyewe.

Sasa sheria. Kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, iandikieni Nema, mamlaka ya taifa ya mazingira, mkiomba leseni ya kiwanda ya kumwaga majitaka na ripoti za ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka. Wana siku 21, au saa 48 ikiwa maisha ya mtu yamo hatarini. Wakikataa, mna siku 30 kwenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala.

Wazee hawajakosea kuhusu korti. Ibara ya 42 ya Katiba inawapa haki ya mazingira safi, na ibara ya 70(3) inasema mwombaji halazimiki kuonyesha kwamba mtu yeyote ameumia au kupata hasara. Kwa hiyo amri ya kusimamisha umwagaji mnaweza kuiomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi mapema. Fidia ni mlima mwingine, hapo ndipo damu na chupa zinapotakiwa. Tazameni Owino Uhuru, Mombasa: kesi ya risasi ya 2016, hukumu ya Sh1.3 bilioni Julai 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Nema yenyewe ilikuwa miongoni mwa waliobebeshwa lawama, kwa hiyo barua zenu kwao zina uzito hata zisipojibiwa. Kila moja iwe na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na nakala hizo zikae kwa watu wawili tofauti.

Hukusema kiwanda kinatengeneza nini. Weka hapa nikuandikie vipimo vya kuagiza kabla hamjalipa maabara.