Muulize Fundi: Gari lilipita kule, kwa nini likataliwe huku?

SWALI: Shikamoo fundi. Mwanangu yuko Marekani. Alipokuwa California gari lake lilikaguliwa, likapita bila neno. Kahamia Pennsylvania, na ukaguzi wa kwanza tu wamelikataa: tairi mbili za nyuma kipara, na kile kiungo cha gurudumu, bolijointi, kimelegea. Yeye anasema wameona ni mgeni, wanataka kumla hela. Unaonaje? (Mama Mwenye Wasiwasi)

JIBU: Marahaba, mama. Gari sijaliona, lakini kabla hajamlaumu mkaguzi, muulize: kule California kuna mtu aliyezipima tairi zake? Ukaguzi wa kawaida wa jimbo lile, ambao magari mengi ya umri mkubwa hufanyiwa kila baada ya miaka miwili, ni wa moshi na vifaa vya kuudhibiti. Breki, tairi na bolijointi hazimo. Kwa hiyo cheti chake cha California kilikuwa halali, ila hakikuwahi kusema lolote kuhusu tairi.

Pennsylvania kuna kazi mbili. Usalama unakaguliwa kila mwaka, jimbo zima. Moshi unapimwa katika kaunti 25 tu kati ya 67, kwa hiyo majirani wawili waliotenganishwa na mpaka wa kaunti wanaweza kuwa na magari pacha, mmoja apimwe moshi na mwenzake asipimwe.

Chanzo cha mchanganyiko huu ni kwamba serikali kuu ya Marekani haiyalazimishi majimbo kukagua breki za magari ya watu binafsi. Inachosimamia ni hewa. Sheria ya Hewa Safi, hasa baada ya marekebisho ya 1990, inayabana maeneo ambayo hewa yake imechafuka kupita kiwango. Los Angeles imekingwa na milima, na mara nyingi tabaka la hewa ya joto hutanda juu yake, moshi ukakosa pa kutokea. Lazima pale wapime. Texas tangu tarehe 1 Januari 2025 imeondoa ukaguzi wa usalama kwa magari binafsi, lakini mwenye gari Houston au Dallas bado anapimwa moshi. New Jersey ilishaondoa ule wa usalama kwa magari madogo mwaka 2010.

Mimi niliyezoea kukaa shimoni nikiyatazama magari kwa chini, uamuzi huo haunipendezi. Wanaoutetea husema ajali nyingi husababishwa na dereva, si chuma. Sawa, lakini dereva mzembe huyohuyo ndiye asiyeinama kutazama tairi zake mpaka alazimishwe.

Mwanao aende gereji nyingine, gurudumu linyanyuliwe, alitikise kwa mikono yake. Bolijointi iliyokufa haifichiki. Tairi nazo apime kina cha mifereji: chini ya milimita 1.6 hana hoja, na kiwango hicho ndicho kinachotumika hata Ulaya.

SWALI: Fundi, taa ya injini ilikuwa inawaka kwenye dashibodi. Asubuhi ya ukaguzi nikachomoa betri kidogo, ikazimika. Mkaguzi akachomeka kimashine chake, akasema gari “haliko tayari”, akanirudisha. Alijuaje? (Mjanja Aliyekwama)

JIBU: Gari lenyewe ndilo limekushtaki. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia modeli ya 1996 yana kitundu cha kuchomeka mashine karibu na usukani. Kompyuta ya gari hujipima yenyewe: katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, kinafanya kazi? Vihisi vya oksijeni vinajibu? Mvuke wa petroli unavuja? Kila jaribio likikamilika huwekewa alama. Ukichomoa betri au ukifuta makosa kwa mashine, magari mengi hufuta na alama hizo zote. Mkaguzi haoni kosa, lakini haoni jaribio hata moja lililokamilika, na hapo anajua kuna mkono uliopita.

Sehemu nyingi za Marekani huvumilia jaribio moja lisilokamilika kwa gari la 2001 na kuendelea. Ukifuta kila kitu, huwezi kuwa na moja tu. Rekebisha kosa lenyewe, kisha liendeshe gari siku kadhaa: liwashe likiwa baridi, lipite foleni, lipate na mwendo wa barabara kuu. Yapo majaribio yanayogoma tangi likiwa limejaa pomoni au karibu kukauka, basi weka mafuta ya wastani.

Ungekuwa Uingereza, taa hiyo ikiwaka kwenye gari la petroli lililoanza kutumika baada ya katikati ya 2003 ni kasoro kubwa, unafeli. Hiyo ni kanuni ya Mei 2018. Na kule bado wanaingiza kipimo kwenye ekzosi.

Wenye dizeli msicheke. Wapo wanaotoboa chujio la masizi ili gari “livute”, wakijua kipimo cha zamani kinatazama weusi wa moshi tu, na injini ya kisasa hata bila chujio moshi wake hauonekani kwa urahisi. Ubelgiji iliwawahi mwaka 2022, Uholanzi na Ujerumani zikafuata 2023: sasa zinahesabu chembechembe zenyewe. Kwangu mimi hayo ndiyo mabadiliko ya maana kuliko yote ya miaka hii.

SWALI: Nataka kununua gari lililotumika. Muuzaji anasisitiza kwamba limepita ukaguzi huko lilikotoka. Inatosha? (Mnunuzi Mwangalifu)

JIBU: Limepita lini, na lilikaguliwa nini? Japani gari dogo jipya binafsi hukaa miaka mitatu kabla ya ukaguzi wa kwanza, halafu kila miwili. Ujerumani ni vivyo hivyo. Ufaransa ni minne, kisha kila miwili, na Uingereza ni mitatu kisha kila mwaka, isipokuwa Ireland ya Kaskazini inayoanzia mwaka wa nne. Australia kila jimbo na lake: New South Wales gari la zaidi ya miaka mitano hukaguliwa kila mwaka, wakati Victoria hudai cheti hasa gari linapouzwa, kwa hiyo likibaki kwa mwenye mmoja laweza kuzeeka bila kukaguliwa.

Kwa hiyo “limepita” laweza kuwa la juzi au la karibu miaka miwili nyuma. Likitoka Uingereza, omba namba ya usajili uingie kwenye tovuti ya serikali: utaona lilifeli wapi, maili zilivyopanda, na yale maonyo madogo aliyoandika mkaguzi. Yasome hayo maonyo kwanza. Kutu iliyotajwa miaka mitatu mfululizo haijaenda popote.

Kisha lipeleke kwa fundi asiyefahamiana na muuzaji. Wafaransa wamekwenda mbali zaidi, kituo kinachokagua hakiruhusiwi kutengeneza. Mkaguzi asiyekuuzia vipuri hana sababu ya kukuongezea ugonjwa, na asiyelipwa na muuzaji hana sababu ya kuuficha.