Wifi kaniletea blenda, jiko na mtoto wa mbwa

Shangazi, shikamoo. Wifi yangu anaishi Marekani. Krismasi hii kaja na blenda, akaninunulia jiko la umeme la presha hapa mjini, kesho yake akaingia na mtoto wa mbwa wa wiki sita. Hakuniuliza. Tumepanga Buswelu, Mwanza, LUKU tunachangia wapangaji watatu, na nina mtoto wa miaka miwili. Mume wangu anafurahi tu. Mbwa analia usiku kucha, anayeamka ni mimi. Nikisema nitaonekana sina shukrani. Wifi anaondoka baada ya wiki mbili. Nifanyeje?
Mama wa Buswelu

Marahaba, mwanangu. Huna kosa. Blenda na jiko vinaweza kukaa kwenye boksi hadi Pasaka, lakini mbwa anataka chakula leo, na anaweza kuishi miaka kumi na zaidi. Zawadi ya namna hiyo haitolewi bila kumuuliza atakayeilea.

Anza na mume wako, mkiwa wawili: nani atamlea? Kama ni yeye, basi usiku aamke yeye. Kisha muulizeni mwenye nyumba. Akikataa, mjadala umeisha. Ndipo umwambie wifi, mume wako akiwepo: "Wifi, vyombo nimevipokea kwa mikono miwili. Huyu mbwa tunaomba tuamue pamoja kabla hujasafiri."

Mwombe pia jambo moja. Wiki sita ni mapema mno. Mtoto wa mbwa hukaa na mama yake hadi wiki nane, na ndiyo maana analia. Aliyemuuza akikubali, arudi huko hizo wiki mbili. Nyinyi mtalala, mtaamua mkiwa na akili iliyotulia.

Mkimbakiza, nendeni kwa daktari wa mifugo mapema. Chanjo ya kwanza huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida akitimiza miezi mitatu. Kabla hajamaliza, asipelekwe mwaloni wala sokoni: virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, na huua watoto wa mbwa kwa kuharisha damu. Dawa ya minyoo apewe kila wiki mbili hadi wiki 12. Hili usilicheleweshe, maana minyoo yake humwingia mtoto anayechezea mchanga.

Kupe ukiwaona, usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe. Najua ndiyo iliyo karibu kwa wafugaji wetu, lakini mtoto wa mbwa humlegeza, humtapisha, na anaweza kufa. Daktari atampima uzito kwanza.

Ale kidogo kidogo mara nne kwa siku. Ugali laini na dagaa ni sawa, ila waoshe mchanga utoke, wachemshe bila chumvi wala kitunguu, uwasage. Miiba ya sangara na mifupa iliyopikwa asipewe. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi.

Sasa blenda. Igeuze usome kibandiko cha chini. Kama kimeandikwa 120V peke yake, usiichomeke, kwani umeme wetu ni 230V na mota itaungua. Adapta ya plagi hubadilisha umbo la miguu tu. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye wati angalau mara mbili ya zile za blenda, kwa sababu mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi. Wakati mwingine kununua blenda ya hapa ni nafuu zaidi.

Jiko la presha ni zuri. Maharage na maji yake visizidi nusu ya sufuria, maana povu huziba tundu la mvuke, na usifungue mfuniko mpaka presha iishe yenyewe. La wati 1000, likifanya kazi chini ya saa moja, halimalizi uniti moja. Waonyeshe wapangaji wenzako hesabu hiyo kabla hujaliwasha mara ya kwanza.