Ziwa Bila Msalaba

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nachora kwa rangi za mafuta hapa Mwanza. Kanisani kwetu waliniomba picha ya kutundika ukumbini, nikawapelekea Ziwa Victoria alfajiri. Mzee mmoja wa kanisa akasema ni nzuri, ila haina Mungu ndani yake, niongeze msalaba mawinguni au malaika. Nifanyeje? Picha yenyewe nimekutumia kwa simu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usishike brashi kwanza. Swali la mzee wako si geni, lina zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1808, mjini Dresden, Mjerumani Caspar David Friedrich alimaliza picha ya madhabahu: kilele cha mlima, miti, jua likizama. Msalaba ulikuwamo, na kwenye fremu ya dhahabu zilichongwa alama za jicho la Mungu, masuke ya ngano na mzabibu. Hata hivyo mhakiki Ramdohr alikuja juu, eti mandhari imejipenyeza kanisani. Kwa hiyo msalaba pekee haukuwatosheleza watu.

Kazi yake ninayotaka uitazame ni nyingine, aliyoionyesha Berlin mwaka 1810: mtawa kando ya bahari. Niliwahi kusimama mbele yake kwenye jumba la Alte Nationalgalerie. Upana wake haufiki mita mbili. Chini kuna mchanga mweupe, kisha ukanda mwembamba wa maji meusi, na kutoka hapo hadi juu ni anga tupu. Mtawa ni mdogo mno, ametupa mgongo. Nilisimama pale mpaka miguu ikauma.

Wataalamu walioimulika picha hiyo walikuta chini ya rangi meli ambazo Friedrich alikuwa amezichora, kisha akazifunika. Hilo ndilo linalonigusa kuliko yote. Meli zingebaki, ningejiuliza zinakwenda wapi, zimebeba nini. Alipoziondoa, sikubakiwa na pa kukimbilia. Alikuwa Mlutheri wa Greifswald, pwani ya Baltiki, na alipokuwa na miaka 13 kaka... hapana, niseme ndugu yake, alizama majini akafa. Aliyefiwa hivyo hachori maji kama pambo.

Sasa ziwa lako. Nimehesabu mitumbwi 6, kundi la ndege, mama mwenye ndoo ya dagaa, na Jiwe la Bismarck. Mzee ameona vitu vingi, na mimi naamini alichokikosa ni nafasi. Ondoa mitumbwi 5. Kama rangi ni mbichi, kwangua kwa kisu. Kama imekauka, isugue kwa msasa laini kabla ya kupaka anga juu yake, la sivyo matuta ya rangi ya zamani yatajitokeza mwanga ukiipiga picha kwa ubavuni. Mpumzishe na yule mama. Mstari wa maji umeupitisha katikati kabisa, ushushe.

Mtumbwi wa kubakiza ni ule wa mbali, ambao karabai yake bado inawaka ilhali kumekucha. Hapo umeona kweli, mwanangu. Nuru ile ndogo mbele ya nuru ile kubwa imenifanya nirudi kwenye picha yako mara tatu.

Ukimaliza, mwekee mzee kiti mbele yake asubuhi ukumbi ukiwa mtupu, wala usimweleze kitu. Akiendelea kutaka alama, mpe fundi seremala fremu achonge masuke na mzabibu. Anga liachie.