Nunda wa CR 3 Ameua Wawili: Kosa Halikuwa Kwenye HP

Swali: Habari za kazi mtaalamu. Nasimamia kundi la watu wanne la Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wa mezani unaochezwa kwa dadu, wote levo ya 3: mpiganaji, kasisi, mwizi na mchawi. Nimeunda nunda wangu mwenyewe: HP (uhai) 52, AC (kinga) 13, shambulio +7, kuuma 2d8+4 (dadu mbili za pande nane, jumlisha 4), kucha 2d6+4, na pumzi ya moto 6d6 yenye DC 13 (namba ambayo mchezaji lazima aifikie ili kujiokoa), inayorudi akipata 5 au 6 kwenye dadu. Nilifuata jedwali la kitabu cha msimamizi cha 2014 nikapata CR 3, yaani kiwango cha ugumu wa dubwana. Nikaweka nunda wawili, na kikokotoo cha mtandaoni kikaniambia pambano halijavuka bajeti ya XP (pointi za uzoefu) ya kundi. Mchawi amekufa raundi ya kwanza bila hata kurusha dadu ya kifo, ile ya aliye kwenye HP 0 kuona kama atapona, kasisi akamfuata raundi ya pili. Nimekosea wapi? Nipunguze HP?

Jibu: HP usiipunguze. Ndiyo kitu pekee kwa nunda wako ambacho hakijaua mtu.

Hesabu yako ya CR iko sawa, nimeirudia. Upande wa mashambulizi, pumzi ya moto ni wastani wa 21, na kitabu kinataka ihesabiwe kana kwamba imewapata watu wawili walioshindwa kujiokoa: 42. Raundi mbili zinazofuata anauma na kuparura, 24 kila moja. Jumla 90, gawanya kwa raundi tatu, 30. Hiyo ni safu ya CR 4, ambayo shambulio lake linatakiwa kuwa +5. Wako ana +7, pointi mbili juu, kwa hiyo anapanda hadi CR 5. Upande wa ulinzi, HP 52 na AC 13 ni CR ½. Wastani wa 5 na ½ ni 2.75, unakuwa 3.

Tatizo ndilo hilo, na ni kosa ninaloliona kila mara: watu wanaichukua namba ya mwisho na kuzitupa mbili zilizoizaa. Dubwana mwenye mashambulizi ya 3 na ulinzi wa 3 ni CR 3. Mwenye mashambulizi ya 5 na ulinzi wa ½ naye anaandikwa CR 3. Mezani hao wawili hawafanani hata kidogo. Wa kwanza anawachosha wachezaji taratibu, nao wanapata muda wa kufikiri. Wa pili ama anakufa kabla hajafanya lolote, ama anamwangusha mtu kila zamu yake inapofika, na kinachoamua ni nani ametangulia kwenye mpangilio wa zamu. Pengo kati ya namba hizo mbili likizidi 2, CR uliyoipata ni ya kuhesabia XP tu. Usiitegemee kukwambia pambano litakwendaje.

Sasa iweke namba yako mbele ya miili ya wachezaji wako. Mchawi wa levo ya 3 mwenye Con (ustahimilivu) 12 ana HP 17. Kasisi na mwizi wenye Con 14 wana 24 kila mmoja. Mpiganaji mwenye Con 16 ana 31. Nunda mmoja akipata kuuma na kucha kwa wastani ni 24: mchawi chini, kasisi chini, mwizi chini. Hapo bado hujamleta wa pili.

Wawili wakitema moto raundi moja juu ya watu walewale, mchawi anaanguka kwa pumzi ya kwanza. Pumzi ya pili inamkuta amezimia, na aliyezimia hushindwa moja kwa moja dadu zote za kujiokoa za nguvu na za wepesi. Anakula 21 nzima. Sheria inasema aliye kwenye HP 0 akipata dameji inayofikia au kuzidi HP yake kamili, anakufa papo hapo. 21 inazidi 17. Ndiyo maana hakurusha dadu ya kifo. Kasisi naye akiwa amezimia, kila shambulio linalompata kutoka futi 5 ni kritiko (pigo la dadu maradufu), na kila kritiko ni alama mbili za kushindwa dadu ya kifo. Nunda anashambulia mara mbili, na alama tatu zinatosha kuua.

Kuhusu kikokotoo: kimekupa jibu la kitabu kingine. Kwa sheria za 2014, nunda wawili ni XP 1,400, unazidisha kwa 1.5 kwa sababu wako wawili, unapata 2,100. Kwa kundi lako, pambano la hatari ya kuua linaanzia 1,600. Sheria za 2024 zimeondoa kizidishi hicho, na bajeti ya juu kwa watu wanne wa levo ya 3 ni 1,600, kwa hiyo 1,400 inapita bila kelele. Umeunda dubwana kwa jedwali la mwaka mmoja ukampima kwa bajeti ya mwaka mwingine. Chagua moja ubaki nayo.

Marekebisho ninayokushauri ni kuwaunganisha nunda hao wawili wawe mmoja. HP 104, yaani ileile jumla yao, AC 13, shambulio +5, kuuma 2d6+3, kucha 2d4+3, pumzi 4d6, DC 13. Pumzi ni 14 mara mbili, 28, kisha 18 na 18: wastani wa 21 kwa raundi, CR 3. HP 104 nayo ni CR 3. Pande zote mbili zimekaa mahali pamoja. Mchawi mwenye AC 15 alikuwa anapatwa na mashambulizi yote mawili kwa asilimia 42 ya zamu. Sasa ni 30. Pumzi ya wastani inamwacha na HP 3, anakimbia nyuma ya mpiganaji, mchezo unaendelea. Kundi la watu wanne wenye +5, kila mmoja akitoa dameji kama 9 anapopata, litampunguzia takribani 23 kwa raundi, kwa hiyo atasimama raundi nne au tano bila kuhesabu uchawi mkubwa.

Mambo haya hayakuhusu wewe peke yako. Mtandaoni kuna watu wanauza madubwana yameandikwa CR bila kuonyesha namba ya mashambulizi wala ya ulinzi. Usimpe pesa yako mtu huyo, maana hujui umenunua nini. Wapo wanaofundisha kwamba dubwana akiwa mwepesi umwongezee HP mara mbili, akiwa mzito umpunguzie kimyakimya katikati ya pambano. Ushauri huo unaharibu meza. HP inapima tu pambano litadumu kwa muda gani. Ukali wa kila pigo hauguswi. Na wachezaji wakishagundua kwamba namba zako zinahama, hawatapanga tena mbinu yoyote, kwa sababu hawaoni faida yake.

Hata hesabu iliyokamilika ina vitu isivyoviona. Mchukue dubwana aitwaye kivuli wa kitabu cha 2014: CR ½, HP 16, dameji 9. Wanne ni XP 400, mara 2 ni 800, na kwa kundi lako hilo linaitwa pambano la kati. Lakini kila anapogusa anapunguza nguvu ya mtu kwa 1d4, na nguvu ikifika 0 mtu amekufa, hata kama HP yake bado ipo. Mchawi mwenye nguvu 8 anamalizwa na miguso mitatu au minne. Vivuli wanne wanaweza kuifikisha hiyo kwa raundi moja. Hakuna jedwali linalohesabu hilo, na kikokotoo kinachokuonyesha rangi ya kijani hakijasoma maelezo ya dubwana, kimesoma XP yake tu.

Kwa hiyo kabla ya kuleta dubwana yeyote mezani, chukua karatasi uandike vitu vitatu: HP ya mchezaji dhaifu kuliko wote, dameji ya wastani ya madubwana wote kwa raundi ya kwanza wakitangulia wao, na kila kitu kinachoua au kumwondoa mtu bila kupitia HP. Dameji ya raundi hiyo ikielekezwa kwa mtu mmoja na kuzidi mara mbili ya HP yake, punguza idadi ya madubwana kwanza. Ukishapunguza na bado inazidi, ndipo uguse dadu za dameji.